Wanafunzi wangu wanaeleza picha badala ya kusimulia hadithi. Nifanyeje?

Swali: Nafundisha Kiswahili Kidato cha Pili mkoani Tanga, darasa la wanafunzi 62. Nimekuwa nikiwapa picha zenye fumbo ili waandike hadithi fupi. Karibu nusu yao huanza na "Katika picha hii ninaona…" na kuendelea hivyo hadi mwisho. Waliobaki hujitahidi, lakini humalizia kwa "kumbe nilikuwa naota". Sina projekta, na mashine ya fotokopi shuleni inatoa nyeusi na nyeupe tu. Nianze kurekebisha wapi: uchaguzi wa picha, namna ya kuwaongoza, au usahihishaji?

Jibu: Mwalimu, anza na agizo unalowapa, kisha picha yenyewe. Usahihishaji utakuwa mwepesi hayo mawili yakikaa vizuri.

Mwanafunzi anayeambiwa "andika hadithi kuhusu picha hii" ameshaambiwa kwamba picha ndiyo mada, na mada huelezwa. Kwa hiyo anaeleza: kushoto kuna mti, kulia kuna nyumba, mbele kuna njia. Ametii ulichosema. Badilisha agizo liwe hivi: "Picha hii ni dakika moja ndani ya hadithi. Andika hadithi ambayo dakika hiyo imo." Sasa analazimika kujua kilichotangulia na kitakachofuata, na hapo ndipo usimulizi unapoanza. Makosa yote mawili uliyoyataja yana mzizi huo. Anayeeleza hana kabla wala baada. Anayezinduka usingizini naye alianza kuandika bila kujua fumbo linafumbuliwaje. Amefika ukurasa wa pili, kengele iko karibu, akakimbilia ndoto kwa sababu ndoto haidai maelezo.

Kuhusu picha. Fumbo halihitaji fuvu, ukungu wala macho mekundu dirishani. Linahitaji mahali pa kawaida penye kitu kimoja ambacho hakikai sawa. Kikiwa kimoja, mwanafunzi anauliza kwa nini. Vikiwa vitano, anaacha kuuliza, kwa kuwa anaona ameingia nchi ambako lolote linaweza kutokea. Mchoraji wa Marekani Chris Van Allsburg, ambaye kitabu chake *The Mysteries of Harris Burdick* cha mwaka 1984 kimetumika sana madarasani kwa zoezi hili, alilijua hilo. Kina michoro 14 isiyo na rangi, kila mmoja na kichwa chake na maneno machache tu chini yake, na mingi kati ya hiyo ni vyumba na mandhari ya kawaida ambamo jambo moja limekosea. Mwaka 2011 kilitoka kitabu cha pili chenye hadithi 14 za waandishi 14 tofauti, hadithi moja kwa kila mchoro. Huhitaji kukitafuta kitabu hicho. Chukua kanuni yake.

Jambo lenyewe lisilokaa sawa hutegemea macho ya anayetazama. Tuseme una picha ya ngalawa iliyokaa mchangani, mbali na maji. Kwa mwanafunzi wa Tanga hilo si fumbo hata kidogo: maji yamekupwa, basi. Wakati wa bamvua bahari yenu hupanda na kushuka zaidi ya meta 3, na vyombo hulala mchangani kila siku. Mwanafunzi wa Dodoma ndiye atakayepoteza dakika kumi akijiuliza ngalawa imefikaje nchi kavu. Basi kwa darasa lako ongeza kitu: jioni, giza linaanza, ndani ya ngalawa kuna taa ya chemli inayowaka, na nyayo za mtu mmoja zinatoka kwenye ngalawa kuelekea baharini. Za kurudi hazipo. Hapo hata mtoto wa mvuvi atasimama. Nitatumia picha hiyo katika jibu hili lote ili hatua zionekane.

Vigezo vingine nitavipitia haraka. Picha iwe na mtu, au alama ya mtu kama vile viatu, kikombe kilichonyweka nusu, au nyayo. Mandhari tupu huzaa ushairi mzuri, lakini hadithi hukosa pa kushika. Iwe na kitu kilichofichwa au kilichokatwa na ukingo wa picha, kama mlango ulio wazi nusu au kivuli cha mtu asiyeonekana. Isiwe na maandishi yanayosomeka. Kama kuna khanga, jina lake lisisomeke, la sivyo utapata insha 62 za kufafanua methali. Epuka ajali, jeneza, damu na nyumba inayoungua, kwa kuwa katika watu 62 huwezi kujua nani ameyapitia hayo hivi karibuni. Na usitumie picha ya mtu anayejulikana mtaani. Hadithi ya fumbo hutafuta mwenye hatia, na hatia hiyo itatembea hadi nyumbani kwake.

Picha unaweza kuipiga mwenyewe kwa simu. Kwa nyayo mchangani, piga jua likiwa chini na linatoka ubavuni mwako, asubuhi au jioni, ili kila unyayo ujae kivuli. Jua likiwa mgongoni mwako au utosini, nyayo hupotea kabisa. Ukitafuta mtandaoni, Wikimedia Commons ina picha nyingi zinazoruhusiwa kutumika, na sharti la kila picha limeandikwa chini yake. Picha zinazotungwa na akili unde zitumie kwa tahadhari. Tatizo lake kubwa kwa zoezi hili ni kwamba zina vituko vingi mno kwa pamoja: mwezi mkubwa kuliko kawaida, ukungu, taa tatu zisizo na sababu, mkono wenye vidole sita. Wanafunzi huandika kuhusu kidole cha sita.

Fotokopi ya nyeusi na nyeupe haina shida, ila ijue tabia yake. Nyekundu na buluu iliyokolea zote hutoka nyeusi, na vivuli hugeuka kuwa dimbwi moja la wino. Geuza picha kuwa ya kijivu kwenye simu au kompyuta kwanza, ongeza mwanga kidogo, kisha toa nakala moja tu ya majaribio. Ukikiona kile kitu kisichokaa sawa ukiwa umeishika karatasi kwa mkono ulionyooka, toa zilizobaki. Wanafunzi 62 wanagawanyika katika makundi 14 ya wanne na mawili ya watatu, yaani nakala 16. Ukiweka picha mbili kwenye karatasi moja ya A4 unahitaji karatasi 8. Zitie kwenye mifuko ya nailoni ya faili, zitakuhudumia miaka. Kundi lisizidi wanne, kwa kuwa wa tano ataitazama picha kichwa chini miguu juu, kisha ataiga cha jirani.

Mara ya kwanza wape wote picha moja. Najua walimu wengi hupendelea kila kundi liwe na yake ili kuzuia kunakiliana. Lakini picha moja ndiyo inayokuwezesha kuonyesha ubaoni kwamba ngalawa ileile imezaa hadithi kumi tofauti, na somo hilo lina thamani kuliko hasara ya wawili watatu kuibiana.

Tenga vipindi vitatu vya dakika 40. Cha kwanza ndicho kinachoamua kila kitu, na ndani yake hakuna kuandika hadithi.

Dakika 3 za mwanzo ni kimya, kalamu chini, macho kwenye picha. Zinaonekana nyingi, na dakika ya pili watacheka. Waache. Mambo madogo huonekana baada ya kicheko. Dakika 8 zinazofuata kila mmoja achore safu mbili daftarini: "Ninachokiona" na "Ninachokidhania". Nyayo zinazoelekea majini zinakaa safu ya kwanza. "Mvuvi amezama" inakaa ya pili, ingawa wengi wataiandika ya kwanza. Ukizunguka, sahihisha hilo tu. Mwanafunzi aliyekwisha kuamua kwamba mvuvi amezama hana hadithi nyingine ya kuitafuta. Akilihamisha wazo hilo kwenye dhana, njia zinafunguka: huenda amekwenda kuwinda pweza, huenda amepokelewa na chombo kingine, huenda nyayo si zake.

Kisha dakika 7 za maswali. Kila kundi liandike maswali kumi ambayo picha haiyajibu. "Taa ni ya aina gani?" haifai. "Nani aliiwasha, na alitaka nani aione?" ndiyo hasa. Makundi yakikwama katika swali la nne, wape vichokoo vitatu: dakika kumi kabla ya picha kulikuwa na nini? Nani yupo nje ya picha? Nani atakasirika akiona haya?

Dakika 10 zinazofuata ndizo moyo wa kazi. Kila mwanafunzi achague swali moja tu, alijibu kwa sentensi moja, aiandike nyuma ya daftari na asimwonyeshe mtu isipokuwa wewe. Iite siri ya mwandishi. Siri lazima iwe na mtu mwenye jina, kitu anachokitaka, na sababu. Linganisha hizi tatu:

"Mvuvi alichukuliwa na jini la bahari."

"Mvuvi mmoja alizama kwa sababu hakujua kuogelea."

"Hamisi ameuza nyavu za mjomba wake kulipa deni la kamari, na anataka mjomba aamini kwamba amezama."

Ya kwanza haina mtu anayetaka kitu. Jini amekuja, amechukua, ameondoka. Ya pili ina sababu lakini haina nia. Ya tatu inaeleza kila kilichomo kwenye picha. Nyayo zinaelekea majini kwa sababu Hamisi amezipanga zielekee huko. Hazirudi kwa sababu ametembea ndani ya maji ya magoti, sambamba na ufuo, akatokea mikokoni. Taa inawaka kwa sababu nyayo lazima zionekane kabla maji hayajajaa na kuzifuta. Hiki ndicho kipimo cha siri nzuri, na wafundishe wanafunzi kukitumia wenyewe: weka siri kando ya safu ya "Ninachokiona" uone inaeleza vitu vingapi. Inayoeleza kimoja ni dhaifu. Inayoeleza vyote bila kulazimisha ishike.

Usipige marufuku majini wala mizimu. Ukanda wa pwani umesimulia majini kwa karne nyingi, na kuwakataza ni kuwaambia hadithi za nyumbani kwao hazina nafasi shuleni. Weka sharti: jini naye awe na anachokitaka, na awe na asichokiweza. Jini anayeweza yote anamaliza hadithi katika sentensi ya pili. Jini asiyeweza kuvuka mwanga wa chemli, hilo ni jambo jingine kabisa, na taa ndani ya ngalawa sasa imepata kazi.

Dakika 10 za mwisho ni za mdomo. Wawili wawili, kila mmoja amsimulie mwenzake hadithi yake kwa dakika nne bila kuitaja siri. Msikilizaji anaruhusiwa maneno mawili tu: "Halafu?" na "Kwa nini?" Usiache hatua hii hata kipindi kikibana, afadhali ukate maswali. Wanafunzi wetu wengi wamelelewa na simulizi za masikio kabla ya karatasi, na mdomo wao hupanga matukio vizuri kuliko kalamu. Pale anapokwama mdomoni ndipo ambapo angekwama kwenye daftari, ila hapa anakwama mapema, akiwa na mtu wa kumuuliza. Asiyeona vizuri naye anafaidika hapa: mwenzake amsomee kwanza safu nzima ya "Ninachokiona", aende nayo.

Kipindi cha pili ni cha mpango na mwanzo. Mpango uwe mistari mitano, kila mstari sentensi moja: anataka nini, anafanya nini, nani au nini anamzuia, anaamua nini, na nini kinabadilika. Kwa Hamisi:

Anataka mjomba aamini amezama.
Anawasha taa, anatembea kuelekea majini.
Anayeiona taa kwanza si mjomba ila Mwanaidi, mdogo wake wa miaka minane, naye anaingia majini kumtafuta kaka yake.
Hamisi yuko mikokoni: akitoka, uongo unafichuka; akikaa, mtoto atazama.
Mjomba anapofika na kurunzi anakuta nyayo za watu wawili zinazorudi.

Mstari wa tatu ndio unaokosekana katika madaftari mengi. Mhusika anataka, anafanya, anapata, mwisho. Ukiwa na dakika tano tu za kupita kati ya madawati, soma mstari huo peke yake.

Halafu waamue dakika ya picha inakaa wapi. Kwa wanaoanza, iweke katika theluthi ya kwanza, mwishoni mwa mstari wa pili. Ikiwa sentensi ya kwanza kabisa, wanarudi kwenye kueleza. Ikiwa mwisho, wengi hufikia picha na kusimama hapo kana kwamba wamefika kituoni, bila matokeo yoyote. Waliokomaa wajaribu kuiweka mwisho baadaye.

Mwanzo uandikwe darasani, sentensi tatu tu, mbele yako. Hapa utapambana na misemo ya kukariri: majogoo waliowika, jua lililochomoza mashariki likitabasamu, ndege walioimba matawini. Imejaa kwa sababu imewahi kuwapa alama, na haina kosa la sarufi. Kasoro yake ni kwamba asubuhi hiyo inafaa hadithi yoyote, kwa hiyo haiifai hii. Kanuni ni rahisi: sentensi ya kwanza ikiweza kuhamia kwenye hadithi ya jirani bila kubadilishwa neno, ifutwe. Mfano wa mwanzo usioweza kuhama: "Hamisi alipandisha utambi wa chemli mpaka kioo kikaanza kushika masizi. Mwanga ulitakiwa ufike hadi bandani kwa mjomba, na maji yalikuwa yamebakiza saa tano kujaa." Msomaji amepata mtu, kazi anayoifanya, anayelengwa, na muda unaokwisha. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita, na mwanafunzi wako anayejua hilo kwa kuishi ufukweni anayo saa ya bure ndani ya hadithi yake. Mhimize aitumie.

Kipindi cha tatu ni rasimu, maneno 300 hadi 400. Chini ya hapo hakuna nafasi ya kizuizi. Juu ya hapo wengi huongeza wahusika. Wahusika watatu wanatosha, na mahali pawe pamoja au pawili. Mwanafunzi anayehangaika na lugha mpe maneno 150 na tukio moja: Hamisi mikokoni, akimwona mdogo wake akiingia majini. Usimpe picha rahisi zaidi. Mpe picha ileile na kipande kidogo zaidi cha hadithi.

Lugha ina mitego ambayo picha yenyewe huitega. Wa kwanza ni njeo. Ukitazama picha unasema "anatembea, taa inawaka", na -na- hiyo huingia kwenye hadithi kisha kuchanganyika na -li-. Waonyeshe mgawanyo wa kazi: -li- hufungua tukio, -ka- huliendeleza, -ki- huonyesha linalotendeka sambamba. "Aliiweka taa chini, akavua viatu, akaingia majini akitazama nyuma." Wakishaipenda -ka- wataandika sentensi kumi na mbili zilizofungwa kwa -ka- bila pumzi, waambie baada ya tatu au nne warudi kwenye -li-, au waweke sentensi fupi isiyo na tendo. Mtego wa pili ni viashiria. "Mlango huu", "mtu huyu", "hapa kushoto" ni maneno ya mtu anayenyoosha kidole kwenye picha. Msomaji hana picha. Dawa yake ni kubadilishana madaftari na kundi lililo mbali huku picha zimekusanywa: popote msomaji anapolazimika kuuliza "huu upi?", apige mstari.

Wa tatu ni salamu. Wahusika wakikutana, nusu ukurasa unakwenda kwa shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, njema. Adabu ni adabu, lakini katika maneno 350 hatuwezi kuilipia. Waanze mazungumzo baada ya salamu, au waifanye salamu iwe dalili. Mwanaidi anamwamkia mjomba, na kwa mara ya kwanza mjomba haitikii. Hapo mstari mmoja umefanya kazi ya aya nzima.

Nimetaja dalili, na hili linahitaji nafasi yake, kwa sababu ndilo linalotofautisha fumbo na kuficha tu. Mwanafunzi anaijua siri. Msomaji aweze kuikisia. Kwa hiyo apande dalili tatu kabla ya kuifichua, na angalau moja iwe katika theluthi ya kwanza. Kwa Hamisi: msumari ukutani ambapo nyavu hutundikwa uko mtupu, mfukoni ana karatasi ya madau aliyoikunja mara nne, asubuhi alikuwa amempa Mwanaidi viatu vyake vipya "uvitunze". Hakuna hata moja inayosema neno kuzama wala deni. Msomaji akifika mwisho na kurudi nyuma, anazikuta zilikuwepo. Mwanafunzi asiyepanda dalili yoyote huandika mwisho unaoanza na "Kumbe…", na msomaji anahisi amedanganywa. Ndoto ni aina moja tu ya kumbe hiyo. Askari wanaotokea ghafla na kumkamata mwizi ni aina nyingine, na mwalimu mkuu anayetatua kila kitu ni ya tatu. Kwa hiyo usiandike ubaoni "ni marufuku kuota". Andika: "Anayemaliza hadithi awe ametajwa kabla ya nusu yake." Sheria hiyo moja huondoa ndoto, askari na mwalimu mkuu kwa mkupuo.

Mwisho wenyewe usimamie kwenye tendo au kitu kinachoonekana. Nyayo za watu wawili zinazorudi zinatosha. Utaona wengi wakiongeza aya ya "Hadithi hii inatufundisha kwamba kamari ni mbaya". Ni mazoea ya ngano, na katika ngano yana mahali pake. Hapa waambie wakate aya ya mwisho kisha wasome tena. Mara nyingi hadithi ilikuwa imekwisha aya moja nyuma.

Sasa usahihishaji wa madaftari 62. Usiyasahihishe mara moja kwa kila kitu. Kwenye rasimu tazama mambo mawili tu: sentensi tatu za mwanzo, na sehemu ya picha. Weka alama ya vema au duara, bila maelezo. Kwa duara la mwanzo, anaandika upya sentensi tatu. Kwa duara la picha, anaeleza pembeni mhusika anataka nini dakika hiyo. Makosa ya tahajia yaache kabisa katika hatua hii. Mwanafunzi anayerudishiwa rasimu yenye wino mwekundu kila mahali husahihisha herufi na kuiacha hadithi ilivyo.

Kwa nakala ya mwisho, ukitoa alama 20, zigawe hivi: 6 kwa siri na jinsi inavyoeleza kilichomo kwenye picha, 5 kwa mfuatano na kizuizi, 4 kwa undani wa kuona, kusikia, kunusa na kugusa, 5 kwa sarufi na tahajia. Waonyeshe mgawo huo kabla hawajaandika. Ukiona darasa zima limepata chini ya 2 kwenye undani, sababu mara nyingi ni picha yenyewe: imewapa macho tu. Rasimu ijayo wadai sauti moja na harufu moja ambazo picha haiwezi kuonyesha, kama mafuta ya taa, mwani uliokauka, au kelele za kaa wakikwaruza ndani ya ngalawa.

Kwa walimu wa Kenya watakaosoma jibu hili: stadi hii inahamia moja kwa moja kwenye insha ya mdokezo, ile inayotaka kisa kianze au kimalizike kwa maneno uliyopewa. Maneno hayo fanyeni kama picha. Ni dakika moja ndani ya kisa, na mtahiniwa aandike siri yake kwenye karatasi ya kazi chafu kabla ya kuanza.

Mwalimu, picha ya pili uitoe baada ya wiki mbili, na hiyo iwe na mtu anayeonekana usoni, asiyejulikana na yeyote darasani. Uso ni mgumu kuliko nyayo, kwa sababu wanafunzi huandika "alikuwa na huzuni" na kuona wamemaliza. Ya tatu wailete wenyewe, iliyopigwa kwa simu ya nyumbani au kukatwa kwenye kalenda ya zamani, na kila anayeleta aandike nyuma yake ni kitu gani kimoja kisichokaa sawa. Asiyeweza kukiandika arudi nayo, atafute nyingine.